Dhana ya "Kuongeza Kinga" na Maradhi ya Kujirudia kwa Watoto: Ufafanuzi kwa Kuzingatia Ushahidi wa Mvumi na Pemba

Ikisiri

Makala haya yanafafanua dhana ya kuimarisha kinga ya mwili kwa njia za asili, hususan kwa watoto wa chini ya miaka mitano wanaopata maradhi ya kuambukiza mara kwa mara. Hoja inayojengwa ni kwamba usemi uliozoeleka wa "kuongeza kinga" unaichukulia kinga kama kitu kinachopimika kwa kibaba, ilhali ushahidi uliokusanywa Tanzania yenyewe, yaani katika hospitali ya Mvumi na katika kisiwa cha Pemba, unaonesha kwamba kirutubishi huokoa maisha pale tu kinapojaza pengo lililopo, na kwamba kikitolewa bila kuzingatia hali ya mtoto na mazingira yake kinaweza kudhuru.

1.0 Utangulizi

Mzazi anayempeleka mtoto kliniki kwa mara ya nne katika msimu mmoja, leo kikohozi, wiki iliyopita kuhara, mwezi uliotangulia homa na usaha masikioni, aghalabu huambiwa na majirani zake kwamba mtoto huyo "hana kinga". Ushauri unaofuata hujulikana: unga wa mlonge kwenye uji, asali iliyochanganywa na kitunguu saumu, juisi ya rozela, dawa ya maji ya kuongeza damu kutoka duka la dawa, au chupa ya vitamini mchanganyiko. Wakati wa mlipuko wa UVIKO-19 mwaka 2020, ushauri wa aina hii ulitoka majumbani ukawa mjadala wa kitaifa. Watu walipiga nyungu, na bei ya malimau na tangawizi ikapanda sokoni.

Ushauri huo haustahili kubezwa. Ndani yake mna maarifa ya kweli kuhusu chakula, na wanaoutoa wana nia njema. Tatizo lake ni kwamba unachanganya mambo matatu yasiyofanana: kurekebisha upungufu uliopo, kumzidishia kirutubishi mtu asiye na upungufu, na kumpunguzia mtoto mashambulizi ya vimelea. Mambo haya yana matokeo tofauti, na tofauti hiyo wakati mwingine ni ya uhai na kifo.

2.0 Neno "kinga" na taswira inayobebwa nalo

Kitenzi "kukinga" kina maana mbili zinazokaribiana. Mtu hukinga jua kwa mwavuli, na hapo kinga ni kizuizi. Mtu pia hukinga maji ya mvua kwa ndoo, na hapo kukinga ni kuweka chombo kinachopokea na kujaa. (Kinga iliyomo katika methali "kinga na kinga ndipo moto uwakapo" ni neno jingine kabisa, lenye maana ya kijinga cha moto, ingawa si nadra kuona maneno hayo mawili yakichanganywa katika insha za wanafunzi.) Katika matumizi ya zamani kuhusu afya, maana iliyotawala ni ile ya kizuizi: mtu alikingwa kwa hirizi au kwa chale. Neno "chanjo" lenyewe linatokana na kuchanja, yaani kutia alama za wembe mwilini, na lilihamia kwenye sindano bila taabu kwa kuwa wazo la msingi lilikuwa lilelile.

Maana ya chombo kinachojaa na kupungua ilipata nguvu mpya katika miaka ya 1980, ulipoingia msamiati wa UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini. Jina hilo lilipendekeza kwamba kinga ni kiasi. Kinachopungua kinaweza kuongezwa. Baadaye, wagonjwa walipoanza kupimwa idadi ya seli za CD4, taswira hiyo ikapata na tarakimu: kinga "imeshuka" au "imepanda". Kwa ugonjwa ule mahususi taswira hiyo ina ukweli, kwa sababu VVU huharibu aina fulani ya seli zinazoweza kuhesabiwa. Ila ilipohamishiwa kwa mtoto mwenye mafua ya kila mwezi, ilipotosha.

Mfumo wa kinga si pipa. Una sehemu nyingi zenye kazi tofauti: ngozi na utando wa ute unaotanda puani, mapafuni na matumboni; seli zinazomeza vimelea pasipo kuvichagua; na seli zinazotambua kimelea mahususi, zikakikumbuka na kutengeneza kingamwili dhidi yake. Sehemu moja ikifanya kazi kupita kiasi huleta madhara, kama inavyodhihirika katika pumu na magonjwa ambayo mwili hujishambulia wenyewe. Kwa hiyo hakuna kipimo kimoja ambacho mtaalamu anaweza kukitazama na kusema kwamba kinga ya mtoto fulani imeongezeka. Kinachopimika ni kuugua: mara ngapi, kwa ukali gani, na kwa hatima gani.

3.0 Mzunguko wa utapiamlo na maambukizi

Msingi wa kinadharia wa mjadala huu uliwekwa na Scrimshaw, Taylor na Gordon katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1968. Walieleza kwamba utapiamlo na maambukizi huchocheana: mtoto aliyepungukiwa lishe huugua kwa urahisi na kwa muda mrefu, na kila anapougua hupoteza hamu ya kula, hupoteza virutubishi kwa kuhara na kwa homa, na utumbo wake hushindwa kufyonza hata kile kidogo anachokula. Anapopata nafuu huwa amebakiwa na akiba ndogo kuliko aliyokuwa nayo mwanzo, na maambukizi yafuatayo humkuta hapo.

Neno la kutilia mkazo ni akiba. Vitamini A huhifadhiwa kwenye ini, na mtoto aliyelishwa vyema huwa na akiba ya miezi kadhaa. Zinki haina ghala la namna hiyo, hivyo upungufu wake hujitokeza upesi mtoto anapohara. Chuma kina ghala, lakini mwili hukilinda kwa namna ya pekee itakayoelezwa katika sehemu ya 5.0.

4.0 Mvumi: pengo linapojazwa

Vitamini A ina kazi mbili kuu katika kinga. Ya kwanza ni kutunza seli za utando wa ndani. Inapokosekana, seli hizo hukauka na kuwa ngumu, ute hupungua, na vimelea hupata njia ya kupenya mapafuni na matumboni. Ya pili ni kuziongoza chembe nyeupe za damu zifike zinakohitajika, hasa kwenye utumbo. Dalili za upungufu wake kwenye macho, kuanzia kutoona gizani hadi upofu, zilijulikana zamani. Uhusiano wake na vifo ulidhihirika katika miaka ya 1980, pale Alfred Sommer na wenzake walipotoa vitamini A kwa watoto wa baadhi ya vijiji katika mkoa wa Aceh, Indonesia. Jaribio hilo lilihusisha vijiji 450, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1986 yalionesha kwamba vifo katika vijiji vilivyopewa vitamini vilipungua kwa takriban theluthi moja.

Mwaka uliofuata yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma. Barclay, Foster na Sommer waliwagawa kwa bahati nasibu watoto 180 waliolazwa kwa surua. Wote walipata matibabu ya kawaida, na 88 kati yao waliongezewa vitamini A kwa siku mbili mfululizo. Kati ya hao 88, walifariki 6. Kati ya 92 wasioongezewa, walifariki 12. Kitakwimu tofauti hiyo ya jumla haikutosha kuondoa uwezekano wa bahati, na watafiti walilikiri hilo. Lakini kwa watoto wa chini ya miaka miwili, waliopewa vitamini alifariki mmoja na wasiopewa walifariki saba. Jambo lenye uzito kuliko hesabu ya vifo ni kwamba watoto tisa kati ya kila kumi walifika wodini wakiwa na kiwango cha chini mno cha vitamini A katika damu. Pengo lilikuwepo, tena kubwa, na surua yenyewe ilikuwa imelipanua.

Miaka kadhaa baadaye, jijini Dar es Salaam, Fawzi na wenzake (1999) waliwapa vitamini A watoto waliolazwa kwa nimonia na wakaona vifo vya miezi iliyofuata vikipungua kwa karibu nusu. Ushahidi wa namna hii ndio uliozaa utaratibu unaofahamika na kila mzazi nchini Tanzania, wa matone ya vitamini A mwezi Juni na mwezi Desemba kwa watoto wa miezi 6 hadi 59.

Hata hivyo, ufanisi huo haupaswi kusomwa kama sheria ya milele. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2017, uliokusanya majaribio kutoka nchi nyingi, ulikadiria upungufu wa vifo wa asilimia 12, yaani pungufu sana kuliko theluthi ya Aceh. Watoto wa leo wengi wamechanjwa dhidi ya surua na mlo wao umebadilika. Pengo limekuwa dogo, na faida ya kulijaza imepungua kwa uwiano huohuo. Aidha, utafiti mwingine wa Dar es Salaam uliohusu wajawazito 1,078 wenye VVU uligundua kwamba vitamini B, C na E zilichelewesha kukua kwa ugonjwa wao, ilhali vitamini A iliongeza uwezekano wa mtoto kuambukizwa na mama. Kirutubishi kilekile kilichookoa watoto wa Mvumi, kwa kundi jingine kilikuwa na hatari.

5.0 Pemba: pengo lisipokuwepo

Hakuna tukio linalofundisha zaidi kuhusu mipaka ya "kuongeza kinga" kuliko jaribio la Pemba. Upungufu wa damu ulikuwa umeenea kisiwani humo, na ilionekana jambo la busara kuwapa watoto wote wa mwezi 1 hadi 35 madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku, wengine wakiongezewa zinki. Kazi hiyo ilifanywa kwa ushirikiano na Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, na ilihusisha watoto zaidi ya 24,000. Matarajio yalikuwa kwamba watoto wenye damu ya kutosha wangeugua kidogo.

Mwezi Agosti mwaka 2003 sehemu ya jaribio iliyohusu chuma ilisimamishwa kabla ya wakati. Watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kulazwa kwa ugonjwa mkali au kufariki kuliko wasiopewa (Sazawal na wenzake, 2006). Jaribio kama hilo lililofanyika Nepal, mahali ambapo malaria ilikuwa haba, halikuonesha madhara hayo, wala halikuonesha faida katika kupunguza vifo.

Maelezo ya kibiolojia ya matokeo haya ni muhimu kwa yeyote anayeshauri wazazi. Bakteria wengi, na vimelea vya malaria pia, huhitaji chuma ili waongezeke. Mwili unapovamiwa, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo huzuia chuma kufyonzwa utumbini na kukifungia ndani ya seli. Kwa maneno mengine, kupungua kwa chuma katika damu wakati wa homa ni sehemu ya kinga yenyewe. Anayemmiminia chuma mtoto mwenye homa asiye na upungufu huenda anawalisha maadui.

Lakini sehemu ya pili ya matokeo ya Pemba husahaulika mara nyingi. Katika kundi dogo la watoto waliopimwa damu mwanzoni na kufuatiliwa kwa karibu, wakitibiwa malaria mapema, wale waliokuwa na upungufu halisi wa chuma walinufaika: waliugua kidogo kuliko wenzao wasiopewa. Hivyo si sahihi kudai kwamba chuma ni sumu. Muda mfupi baadaye, Shirika la Afya Duniani na UNICEF zilitoa tahadhari kwamba katika maeneo yenye malaria nyingi chuma kisigawiwe kwa watoto wote bila kutazama nani ana upungufu na bila huduma za kuzuia na kutibu malaria. Tahadhari hiyo iliandikwa kwa ajili ya mipango ya serikali. Chupa ya dawa ya kuongeza damu inayonunuliwa bila kipimo haikufikiwa nayo, na hapo ndipo penye hatari hadi sasa.

Kuhusu zinki, jaribio lililofanyika kisiwani humohumo na kuchapishwa mwaka 2007, likiwa na watoto zaidi ya 42,000, halikuthibitisha kupungua kwa vifo kwa wanaopewa kila siku. Matumizi yake yenye ushahidi imara ni wakati wa kuhara: kidonge kimoja kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, pamoja na maji ya chumvichumvi. Mtoto aliyemaliza dozi hiyo huhara kwa muda mfupi na huwa na nafasi ndogo ya kuhara tena katika miezi miwili au mitatu inayofuata. Wazazi wengi huikatiza dozi pindi choo kinapokuwa kigumu, na hivyo hukosa faida hii ya pili, ambayo ndiyo hasa waliyoitafuta.

6.0 Maziwa ya mama na uji uliochachushwa

Ikiwa kuna kitu kinachostahili kuitwa kinga ya asili bila mabano, ni maziwa ya mama. Chembe za kinga zilizokutana na vimelea katika utumbo wa mama husafiri hadi kwenye matiti, na huko hutengeneza kingamwili aina ya IgA dhidi ya vimelea hivyohivyo. Kwa kuwa mama na mtoto huishi nyumba moja na kushika vyombo vilevile, mtoto hupata kinga inayolingana na mazingira yake halisi, jambo ambalo hakuna kiwanda kinachoweza kuliiga. Dang'a, maziwa ya kwanza ya rangi ya manjano ambayo katika baadhi ya familia bado hukamuliwa na kumwagwa kwa kudhaniwa kuwa machafu, ndiyo yenye kiasi kikubwa zaidi cha kingamwili hizo. Maziwa hayo yana pia sukari za aina ya pekee ambazo mtoto hawezi kuzisaga. Kazi yake ni kuwalisha bakteria wema wa utumbo. Na kwa anayekumbuka Pemba: maziwa ya mama yana chuma kidogo, na mna ndani yake protini ya laktoferini inayokishika chuma ili bakteria wasikipate.

Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu mwaka 2001 kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Utafiti wa Kidemografia na Afya wa Tanzania wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 59 ya watoto wa umri huo wakinyonya hivyo. Wanaobaki hupewa maji, uji mwepesi au dawa za kienyeji za tumbo, na kila kijiko ni njia ya vimelea kuingia.

Baada ya miezi sita hatari huhamia kwenye uji. Uji mwepesi hauna nguvu ya kutosha. Ulio mzito mtoto humshinda. Na uliopikwa asubuhi ukaachwa hadi jioni katika joto huwa makazi ya vimelea. Utatuzi mmoja ulikuwepo jikoni kabla ya wataalamu kuufanyia utafiti, nao ni togwa. Uji wa mahindi, mtama au ulezi huachwa upoe, hutiwa kimea, kisha huachwa uchachuke. Kimea hulainisha uji mzito, na kwa hiyo unga mwingi zaidi huweza kutumika bila uji kushindikana kumezeka. Bakteria wa asidi ya laktiki hushusha pH hadi chini ya 4, kiwango ambacho vimelea vingi vya kuhara haviwezi kustawi. Uchachushaji pia huvunja fitati zilizomo katika nafaka, ambazo huzuia zinki na chuma kufyonzwa. Utafiti wa Lorri na Svanberg (1994) uliofanyika vijijini Tanzania uliona kwamba watoto waliolishwa uji wa namna hiyo walihara mara chache kuliko waliolishwa uji wa kawaida. Inasikitisha kwamba elimu ya lishe kliniki huwataja wazazi unga wa lishe wa mchanganyiko wa nafaka nyingi, ambao aghalabu humshinda mtoto kusaga, huku ikiipita togwa kimya.

Vyakula vingine vinaweza kutajwa kwa ufupi. Mawese mekundu ya Kigoma, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, mchicha, matembele na mapapai hutoa viasili vya vitamini A, mradi viliwe pamoja na mafuta kidogo. Dagaa hutoa zinki na chuma kinachofyonzwa kwa urahisi. Malimau na machungwa yana vitamini C, lakini uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2013 ulionesha kwamba kwa watu wa kawaida vitamini C haipunguzi idadi ya mafua. Hufupisha tu siku za kuugua kwa kiasi kidogo.

7.0 Kupunguza mashambulizi

Upande wa pili wa mizani ni vimelea vyenyewe. Kunawa mikono kwa sabuni, maji salama na vyoo hutajwa katika kila mwongozo, na ni vigumu kuvipinga. Hata hivyo, jaribio kubwa la WASH Benefits lililofanyika katika kaunti za Kakamega, Bungoma na Vihiga nchini Kenya, na kuchapishwa mwaka 2018, halikuona kuhara kukipungua katika kaya zilizopewa dawa ya maji, vyoo bora na vifaa vya kunawia. Jaribio pacha la Bangladesh liliona kukipungua. Tofauti mojawapo ni kwamba Bangladesh wahamasishaji walizitembelea kaya mara nyingi zaidi, hivyo matumizi ya vifaa yalidumu. Tafsiri inayokubalika ni kwamba mtoto anayetambaa katika ua wenye kinyesi cha kuku halindwi na choo kimoja cha nyumba yao; uchafu unapaswa kupungua kijijini kote.

Chanjo nayo ni sehemu ya mjadala huu, ingawa wapenzi wa njia za asili huitenga. Mwaka 2019 Mina na wenzake walionesha kwamba surua iliwafuta watoto wasiochanjwa kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa wamejijengea dhidi ya maradhi mengine. Mtoto aliyepona surua hurudi, kwa sehemu, alikokuwa kabla ya kuugua maradhi yake ya awali, na huanza kuyapata upya. Chanjo ya surua na rubela katika miezi 9 na 18 hulinda kumbukumbu hiyo, na hakuna chakula kinachoweza kuirejesha ikishafutwa.

8.0 Maradhi yanayojirudia yanapokuwa ishara

Mtoto mdogo mwenye afya njema anaweza kupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka, na zaidi anapoanza shule ya awali. Hiyo ni kazi ya kawaida ya mfumo wa kinga unaojifunza, na mzazi wa mtoto wa namna hiyo, akiwa anakua vizuri kwenye kadi ya kliniki, hahitaji kununua chochote.

Hali ni tofauti kwa mtoto aliyepata nimonia mara mbili ndani ya mwaka, mwenye usaha masikioni usiokoma, mwenye utando mweupe mdomoni baada ya umri wa uchanga, au aliyesimama kuongezeka uzito. Mtoto huyo anapaswa kupimwa VVU, hata kama mama alipimwa wakati wa ujauzito na kuonekana hana, kwa sababu mama anaweza kuambukizwa wakati wa kunyonyesha. Anapaswa pia kupimwa selimundu, ugonjwa unaoharibu bandama mapema utotoni na kumwacha mtoto bila kizuizi dhidi ya bakteria wa nimonia na wa homa ya uti wa mgongo. Mtoto aliyebainika hupewa penisilini kila siku hadi afikishe miaka mitano, na dawa hiyo ni ya bei nafuu. Vipimo vyote viwili huhitaji matone machache ya damu. Miezi inayotumiwa kujaribu unga mmoja baada ya mwingine ili kumwongezea kinga mtoto wa aina hii ndiyo miezi ambayo matibabu yangekuwa na faida kubwa zaidi kwake.